Silinda Nne Zilizonyamaza

Hii ilinifikia kwenye kundi la ukoo, nami nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Kama kazini kwako kuna mtu ambaye akisifiwa tu wewe chakula hakipiti kooni, isome taratibu, usiruke mstari. Ukimaliza mpelekee mwenzio, ila usimwambie kwa nini umemchagua yeye.

Huko Njombe palikuwa na mama mjane aliyeitwa Mama Nyagawa, mwenye shamba kubwa la parachichi. Alikuwa na madereva tisa, na juu yao msimamizi mmoja, Mzee Kihwele, ambaye alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu. Msimamizi alipewa nyumba ya matofali karibu na lango, umeme ndani, maji ndani. Madereva wote waliitamani nyumba ile, lakini mke wa Sadoki Chaula yeye alikuwa ameshakwenda kupima madirisha yake ashone mapazia.

Hakuwa na makosa sana. Sadoki ndiye aliyekuwa dereva wa siku nyingi kuliko wote, miaka kumi na tisa pale pale. Alikulia kwenye malori ya mbao, yale makongwe ambayo injini ikianza kumisi, silinda moja ikagoma na nyingine zikabaki zinahangaika, basi jua umelala porini. Malori hayo yalimpa sikio la ajabu. Angeweza kukaa barazani kwake, akasikia gari likipanda mlima kule ng'ambo, akakwambia ni la nani na linaumwa nini. Watu walimheshimu kwa sikio hilo, na yeye alijua wanamheshimu.

Mwaka huo Mama Nyagawa alinunua pikapu mbili mapacha, za petroli, injini za silinda nane, za kuwapeleka wanunuzi na kubeba miche. Moja alipewa Sadoki. Ya pili alipewa Lutengano Mwaipaja, mtu wa Tukuyu, baba wa watoto watatu, ambaye alikuwa na miaka miwili tu pale shambani. Hapo ndipo roho ya Sadoki ilipoanza kuuma. Miaka kumi na tisa na miaka miwili, wote mnapewa gari moja sawa?

Palikuwa na desturi shambani. Kila Jumamosi asubuhi magari yalijazwa kwenye pampu ya pale pale mpaka shingoni, na Mzee Kihwele alisoma kwa sauti kila gari limekunywa lita ngapi kwa wiki. Madereva wote walisimama wakisikiliza.

"Sadoki, tisini na moja," alisoma Jumamosi ya kwanza. "Lutengano, sabini na nane."

Madereva wakageuka kumtazama Lutengano. Mmoja akamgonga bega. Sadoki akacheka pamoja nao, maana ungefanyaje, lakini kicheko kilikuwa cha meno tu.

Jumamosi ya pili ikawa vile vile, na ya tatu. Njia ni ile ile ya kwenda Makambako na kurudi, mizigo inalingana, safari zinalingana. Sadoki akaanza kumchunguza mwenzake. Alipima upepo wa matairi yake kwa kuyapiga teke. Aliinama kutazama kama kuna dumu limefichwa chini ya kiti. Siku moja alimsalimia kwa mikono miwili, kwa heshima zote, apate kunusa kama viganja vyake vinanuka petroli. Vilinuka sabuni.

"Yule bwana ana dawa," akamwambia mkewe.

"Dawa ya kupunguza petroli?" mkewe akauliza. "Angekuwa nayo angekaa hapa kuendesha gari la mtu? Si angeiuza?"

Sadoki akasusa chakula. Kijicho kikimkaa mtu kina mambo, hata mke akisema kweli anaonekana yuko upande wa adui.

Hatimaye akaenda ofisini kwa Mama Nyagawa, kofia mkononi. "Mama, mimi sisemi mtu vibaya," akaanza, na ukisikia mtu ameanza hivyo, jiandae. "Ila gari alilopewa Lutengano ni zima kuliko langu."

"Basi badilishaneni," akasema Mama Nyagawa, na hakuinua macho kwenye karatasi zake.

Wakabadilishana. Wiki ile Sadoki aliimba njia nzima. Jumamosi ilipofika, Mzee Kihwele akasoma: "Sadoki, tisini. Lutengano, sabini na saba." Safari hii hakuna aliyegeuka kumtazama Lutengano. Wote walimtazama Sadoki, na hilo lilimuuma kuliko yote yaliyotangulia.

Sasa kuna jambo moja ambalo Sadoki hakuwahi kumwambia mtu. Zile pikapu zilikuwa na ugonjwa, na yeye aliujua tangu siku ya kwanza. Akifika tambarare ya Makambako, gari jepesi, mguu umetulia, injini ilibadilisha sauti. Ilishuka, ikawa nzito kidogo, ikatetemeka kwa mbali sana, mtu mwingine asingesikia. Sadoki alisikia. Alijua kabisa kwamba kuna silinda zimekufa, gari linamisi. Papo hapo alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, silinda zote zikarudi kazini, naye akashusha pumzi. Dakika mbili baadaye zinanyamaza tena, naye anakanyaga tena. Hakumwambia fundi, aliogopa wasije wakasema ameharibu gari jipya. Na moyoni alijivunia. Aliamini gari lile liko hai kwa sababu ya mguu wake.

Kwenye dashibodi palikuwa na namba ndogo ya kijani iliyokuwa ikibadilika, lakini Sadoki hakuitazama. Alikuwa na msemo wake, kwamba anayeendesha kwa kutazama dashibodi hajafika kuitwa dereva.

Wiki moja kabla Mzee Kihwele hajastaafu, Sadoki alipata msiba. Mama yake mdogo, aliyemlea baada ya mama yake kufa, alifariki kule Wanging'ombe. Pikapu ya Sadoki ilikuwa imefunguliwa kwa fundi, inabadilishwa breki. Alhamisi ile ilikuwa siku ya mapumziko ya Lutengano. Alfajiri akabisha hodi kwa Sadoki.

"Kaka, pole sana," akasema. "Nimemwomba Mama gari. Mpande wote, nitawapeleka na kuwarudisha."

Wakapanda, Sadoki mbele, mkewe na dada zake nyuma. Dada zake walilia njia nzima, kwa sauti ya chini. Walipofika kwenye tambarare, injini ikashuka sauti. Sadoki akasubiri Lutengano akanyage. Lutengano hakukanyaga. Aliuacha mguu pale pale, mwepesi, kama mtu anayekanyaga sakafu ya chumba alicholala mtoto, na gari likaenda kilomita moja, mbili, tano, silinda zimenyamaza.

Kumbe anaziacha zife! Sadoki alihisi joto la furaha likimpanda mpaka masikioni. Siri ndiyo hii. Anaua injini ya watu ili Jumamosi asomewe namba ndogo na kupigwa bega. Dada zake walikuwa wakilia nyuma yake, naye alikuwa anahesabu mara ngapi injini imenyamaza.

Huko msibani alishika jembe, alifukia, aliitikia amina. Lakini akili haikuwepo.

Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza ofisini. "Mama, Lutengano anaua gari lako. Anatembelea silinda chache, nyingine zimekufa, na anajua, na ananyamaza. Mtu kama huyo ukimpa madereva, mwaka haufiki huna gari."

Mama Nyagawa akavua miwani. "Una hakika?"

"Kwa masikio yangu haya."

"Basi twende tukasikie wote."

Akaita Mzee Kihwele, akaita Lutengano. Wakapanda wanne, Lutengano kwenye usukani, Sadoki pembeni yake, wakubwa nyuma. Wakaenda mpaka tambarare. Pale pale injini ikashuka sauti.

"Hapo," akasema Sadoki. "Mmesikia? Zimekufa."

Mzee Kihwele akakohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. "Sadoki mwanangu, masikio yako ni mazima. Zimenyamaza nne. Tazama dashibodi."

Sadoki akatazama. Ile namba ya kijani iliyokuwa nane ilikuwa imekuwa nne.

"Hazijafa, zimepumzishwa," akaendelea mzee. "Injini ya silinda nane imetengenezewa mlima na mzigo. Hapa ni tambarare na gari jepesi, nane za nini? Kompyuta inafunga valvu za silinda nne na kuzikatia petroli. Pistoni zinaendelea kupanda na kushuka, lakini hazichomi kitu. Nne zilizobaki zinafanya kazi ya kueleweka, badala ya nane kufanya nusunusu. Wape watu wanane wabebe benchi moja. Benchi litafika, ila wote wanane watataka kula. Wape wanne, benchi litafika vile vile na ugali utabaki. Kukiwa na mlima, Lutengano anakanyaga, zote nane zinaamka kabla hujapepesa jicho."

Sadoki alihesabu kichwani zile tambarare zote, zile wiki zote. "Na mimi nilikuwa naziamsha," akasema polepole.

"Ulikuwa unaziamsha zije kula bila kazi," akasema mzee, lakini hakusema kwa ubaya.

Hapo mambo yangeweza kuisha kwa kicheko. Hata Lutengano alitabasamu, akasema, "Mimi sina sikio hilo, kaka. Nisingejua zimenyamaza bila ile namba." Sadoki naye akaanza kutabasamu. Kisha Mama Nyagawa akauliza swali dogo tu.

"Gari hili hujaliendesha tangu mlipobadilishana. Ulilisikia lini akiwa anaendesha yeye?"

"Alhamisi, Mama."

"Alhamisi mlikuwa wapi?"

Sadoki akafungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, lilikuwa jepesi, na ndipo aliposikia jinsi litakavyotoka. "Alipokuwa ananipeleka kumzika mama mdogo."

Lutengano alitazama barabara. Tabasamu lilikuwa limekwisha usoni mwake.

"Mguu mzito unafundishika, Sadoki," akasema Mama Nyagawa. "Nilikuwa nimeshakata shauri nikupe wewe kazi ya Mzee Kihwele. Wiki iliyopita nilimwuliza Lutengano anaonaje, akaniambia, 'Mama, mpe kaka Sadoki, ana sikio ambalo sisi wengine hatuna. Namba za Jumamosi ni suala la mguu tu, mimi nitamwonyesha.' Hayo aliyasema Jumatano. Kesho yake akakupeleka msibani."

Sadoki hakugeuka nyuma. Hakugeuka pembeni pia.

"Sasa nikikupa madereva wenzako," akauliza mama yule, "utakuwa unasikiliza nini kwao?"

Walipoanza kupanda mlima wa kurudi shambani, silinda zote nane ziliamka, gari likavuta. Mwezi uliofuata mke wa Lutengano alihamia nyumba ya lango. Wanasema Sadoki bado anaendesha pale, na siku hizi husomewa sabini na tisa. Lakini dada yake alipompigia simu kumwuliza yale maneno mazuri aliyosema mchungaji kaburini, ili yaandikwe kwenye jiwe, Sadoki alimpa mkewe simu, kwa sababu yeye hakuwa amesikia hata neno moja.

Funzo: Mwenye wivu huwasha silinda zote kwenye tambarare, huunguza moyo wake wote kwa safari ya mwenzake, na siku ya mlima wake mwenyewe hujikuta mtupu.