Pumzi za Saumu

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, ni mwaka juzi tu, palikuwa na mtu mmoja pale Muheza aliyeitwa Hatibu. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta. Kila Ijumaa, akirudi msikitini, aliandika kwenye blogu yake mambo ya wiki ile: kilichokubali na kilichomshinda. Ikifika Desemba, alisoma yote aliyoandika tangu Januari, akatoa muhtasari wa mwaka.

Mwaka huo alikuwa akitengeneza programu ya simu ya kuwasomea vitabu watu wasioona. Alihitaji msomaji, akamwomba mkewe Saumu, mwalimu wa chekechea, ambaye akianza kusoma hata watoto watundu walitulia. Saumu akakubali. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule aliingia kwenye chumba walichokizungushia mablanketi ili kisitoe mwangwi, akasoma, na Hatibu akarekodi. Kila wiki sura mpya iliwafikia wasikilizaji.

Alisoma Machi, akasoma Aprili. Mei, sauti ikaanza kukatika. Katikati ya sentensi ndefu Saumu alisimama, akavuta pumzi, ndipo akaendelea.

"Rudia hiyo, mke wangu," Hatibu akamwambia.

Akarudia. Pumzi ikakatika palepale.

"Umechoka?"

"Kidogo tu. Watoto walinichosha jana."

Hatibu hakuuliza tena. Aliandika programu ndogo ya kutafuta kila pumzi na kuikata, na sauti ikatoka safi, kama ya mtu asiyehitaji hewa. Ijumaa ile aliandika kwenye blogu: "Tatizo la pumzi limekwisha. Nimefurahi sana."

Saumu alisoma Juni, akasoma Julai. Wasikilizaji wakaongezeka. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Zayumba wa Korogwe, mstaafu aliyepofuka miaka sita nyuma. Agosti, Mwalimu akaacha maoni kwenye blogu: "Huyu anayetusomea hapumui vizuri. Pumzi mmeziondoa, lakini maneno yenyewe yanabana. Mpelekeni akapimwe."

Hatibu akajibu: "Ahsante kwa maoni, Mwalimu. Tutarekebisha."

Akarekebisha. Akaongeza makali ya ile programu yake.

Mwisho wa Oktoba Saumu alianguka darasani. Walimu wenzake walipomvua viatu waliona miguu imevimba, na alikuwa ameificha kwa soksi ndefu. Siku ya tatu akafariki hospitalini. Daktari alisema ni moyo, tena si ugonjwa wa jana wala juzi.

Desemba ikaingia. Hatibu akafungua blogu, kwa mazoea tu, ausome mwaka wake. Akaisoma Januari na Februari. Akafika Mei. Akafika Agosti. Alisoma jibu lake kwa Mwalimu mara tatu, kisha akaenda chumbani kwenye yale mablanketi, akakaa kwenye kiti cha Saumu mpaka jirani alipokuja kumwita ale.

Siku ya arobaini ilisomwa hitima. Alasiri wageni walipoondoka, walibaki watatu mkekani: Hatibu, Bi Tatu aliyemzaa Saumu, na Mwalimu Zayumba, aliyekuja na basi kutoka Korogwe. Hatibu ndiye aliyeanza.

"Mama, kosa ni langu. Nilimsikia akihema mwezi wa tano. Niliziona pumzi zake kwenye kompyuta, moja moja, nikazihesabu kuwa uchafu. Nikazikata. Kama ningeziacha, mtu yeyote angesikia kwamba anaumwa. Na kwenye muhtasari wa mwaka nitaliandika jina langu."

Bi Tatu akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Kosa ni langu. Saumu alipokuwa na miaka tisa aliugua homa, viungo vikamvimba. Daktari akaniambia moyo umeumia, achomwe sindano kila mwezi, asiache. Ulipoleta posa, nikaogopa mkisikia mtarudi nyuma. Nikamwachisha sindano. Nikamwambia, mwanangu, usimwambie mumeo, niahidi. Akaniahidi. Na unamjua Saumu, hakuwa mtu wa kuvunja ahadi."

Hatibu aliinama. Alitaka kusema kwamba angemwoa hata hivyo, lakini aliona maneno hayo yatamuumiza mama huyu kuliko lawama yoyote. Akayameza.

Mwalimu Zayumba alipapasa mkeka mpaka akaugusa mkono wa Hatibu.

"Wewe ulisikia ukadhani ni kasoro ya mashine," alisema. "Mama alijua zamani, akadhani yamepita. Mimi nilisikia, na nikaelewa. Marehemu mke wangu alipumua vivyo hivyo. Nilikwambia mara moja, ukanijibu vile. Septemba nikasikia pumzi imezidi kubana. Nikaanza kukuandikia tena, nikafuta. Nilijua nikisisitiza atapumzishwa, na mimi kabla yake nilikuwa sijasomewa na mtu kwa miaka sita. Zilibaki sura nne. Nikasema moyoni, acha amalize kwanza. Kosa ni langu."

Bi Tatu alijifunika uso kwa ushungi, akalia bila sauti.

Kesho yake asubuhi Hatibu akaandika muhtasari wa mwaka. Aliandika kazi zilizokubali na zilizomshinda. Kisha akaandika, "Saumu angekuwa hai leo kama," na hapo mkono ukasimama. Bi Tatu alikuwa amemwambia kabla ya kuondoka, "Niandike mimi, nimeshazeeka, nitaubeba." Mwalimu naye alikuwa amempigia kutoka Korogwe: "Usinionee haya, andika jina langu." Na jina lake mwenyewe alilijua.

Basi wewe uliyenisikiliza, usiniulize mimi, nami sijui. Mmoja alisikia asielewe. Mmoja alijua akaficha. Mmoja alielewa akanyamaza. Na wote watatu walimpenda. Je, ni jina la nani lilistahili kuandikwa?