Hodi ya Karakana ya Kapinga

Ajipigiaye hodi hapati mgeni.

Vijana wa kwaya walimsikia Mzee Ngonyani akiyasema maneno hayo, wakamwuliza yametoka wapi, maana shuleni hawakuwahi kuyasoma. Mzee akavuta kiti. Methali hii ilianza hivi, akawaambia, tena haikuanzia mlangoni.

Hapa Songea palikuwa na fundi aitwaye Kapinga, aliyeshona viatu vya watoto wachanga waliozaliwa miguu imepinda. Hospitali huinyoosha miguu hiyo kwa plasta, lakini plasta ikitoka, mtoto asipovaa viatu vile vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, miguu hupinda tena. Wazazi wengi hawakujua vinapatikana wapi. Binti yake Leokadia, msomi wa chuo mwenye haya nyingi, akaweka tangazo la kulipia mtandaoni: mtu akitafuta viatu hivyo kwenye simu, jina la baba yake linatokea juu kabisa.

Wengi waliliona tangazo, wachache wakalibonyeza. Jumapili moja, baada ya sala ya jumuiya, shangazi yake Tasiana alimwona Leokadia ameinamisha uso, akamdadisi mpaka akasema.

“Basi tatizo ni waitikiaji,” shangazi akasema. “Wimbo ukiimbwa na mmoja hufa. Sisi tupo. Mama Oswini, simu unayo, au ni ya kupigia picha wajukuu tu?”

Wanajumuiya wakacheka. Tangu hapo, kila asubuhi wakitoka kusali, walilitafuta tangazo na kulibonyeza, kila mmoja kwa moyo mweupe. Leokadia alijua kwamba kila tangazo likibonyezwa yeye hulipa, na kwamba fungu la fedha la siku likiisha tangazo huondoka mpaka kesho. Lakini angewaambiaje watu wazima kwamba upendo wao unaharibu? Akanyamaza. Tena idadi ya waliobonyeza ilipanda, na kuitazama kulimfariji. Karakana tu ndiyo iliyobaki kimya.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka Namtumbo, Edna, na mwanawe mgongoni. Fundi Kapinga aliishika miguu ya mtoto, akaigeuza taratibu.

“Plasta ilitoka lini, mama?”

“Mwezi umepita, na zaidi.”

“Imeanza kurudi. Siwezi kumvisha hivi. Lazima afungwe plasta tena kwanza.”

Edna hakulia. Aliifunika miguu ya mtoto kwa khanga, kana kwamba imesikia baridi.

“Nilitafuta,” alisema. “Kila mchana akilala, natafuta kwenye simu, viatu vya mtoto baada ya plasta. Sikuwaona. Nesi ndiye aliyenielekeza.”

Leokadia akaelewa. Kufika mchana fungu la siku lilikuwa limekwisha, na waliolimaliza ni watu wa nyumbani.

Alimsindikiza Edna hospitalini, akamshikia mtoto wakati plasta inafungwa. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Jumapili iliyofuata Leokadia alisimama mbele ya jumuiya, yeye ambaye hata somo alikuwa akikataa kusoma.

“Naomba msibonyeze tena,” alisema, macho chini. “Mlifanya kwa kunipenda. Nilijua, nikaona haya kuwakataza. Sisi tukishabonyeza, fedha ya siku inaisha, na mama mwenye mtoto halioni tangazo.”

“Sasa si idadi itashuka?” mzee mmoja akauliza.

“Itashuka, baba.”

Tasiana akaiweka simu yake chini. “Kumbe tulikuwa tunajipigia hodi wenyewe,” akasema, “na kuitikiana karibu, huku mgeni yuko nje na mtoto mgongoni.”

Leokadia akafuta maneno ya zamani ya tangazo, yaliyomsifu baba yake kuwa fundi bingwa, akaandika yale ya Edna: viatu vya mtoto baada ya plasta. Idadi ilishuka kweli. Kisha ikapanda polepole, na safari hii waliobonyeza walikuwa na watoto mikononi.

Edna naye alirudi plasta ilipotoka. Tasiana alikuwepo karakanani siku hiyo, akamwona dirishani anakuja. Alisubiri mpaka mgeni mwenyewe akapiga hodi, ndipo akasema karibu.

Ajipigiaye hodi hapati mgeni.