Kichuguu cha Saba

Sogeeni, wajukuu zangu, hadithi imeshafika mlangoni. Mko tisa, nimewahesabu. Haya.

Palikuwa na mfinyanzi, Nyamizi, aliyekwenda kila asubuhi bondeni kuchimba udongo. Njiani palikuwa na vichuguu sita, naye alivijua kama vyungu vyake.

Siku moja akaona cha saba, kulekule bondeni, akamuuliza wifi yake aliyefuatana naye:

"Wifi, hiki jana kilikuwapo?"

"Wifi nawe! Nani ana muda wa kuhesabu vichuguu?"

Siku ya pili kilikuwa kando ya shamba lao. Siku ya tatu kilikuwa nyuma ya nyumba, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Majirani wakaja mbio na vikapu kutega kumbikumbi.

"Ngojeni!" akasema Nyamizi. "Mbona hakina hata tundu? Na mbona kinafuka mvuke?"

Akawarudisha nyuma wote. Akachukua ufito mrefu, akakigonga polepole, kama watu wanavyogonga kuita kumbikumbi. Ti-ti-ti, kichuguu kikatulia. Ti-ti-ti, kikatetemeka. Ti-ti-ti, kikaangua kicheko kwa kutekenywa, kikasimama. Lo! Zimwi zima, na mdomo wake ulikuwa palepale walipotaka kuweka vikapu.

"Umenijuaje?" likauliza.

"Jana hukuwa hapa."

Na zimwi likishajulikana, nguvu zinaliisha. Likaondoka likinung'unika, likatafute wasioangalia.

Hadithi yangu nimeiweka chini, anayeitaka aiokote. Nendeni mkalale.

Hebu ngojeni kwanza. Mbona sasa mko kumi?