Mikono ni Yangu, Maneno ni Yake

Je, msikilizaji wangu, umewahi kumwona seremala anayeogopa mbao? Basi mtazame huyu aliyeitwa Fundi Randa.

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maana yake, kifaa kikiharibika kazi haijafa. Mhunzi atatafuta njia nyingine ya kushika chuma cha moto. Fundi Randa aliijua methali hiyo tangu darasa la pili, ila aliijua mdomoni tu, haikuwa imeshuka moyoni.

Miaka ishirini na sita alifanya useremala. Milango yake ilifungwa bila kugonga, na droo zake mtoto aliweza kuzivuta kwa kidole kimoja. Siku moja msumeno wa mashine ukamla vidole vitatu vya mkono wa kulia. Kidonda kilipona, moyo ukakataa. Akafunga karakana, akawa mtu wa kukaa kibarazani na kupuliza chai iliyokwisha poa.

Ndipo mkuu wa shule ya sekondari ya jirani, mama mfupi mwenye hatua za haraka, alipobisha hodi. Kwa kazi za mikono, shule yake ilifundisha ushonaji peke yake. Sasa alitaka kuongeza useremala, na baadaye umeme na upishi.

"Nimepewa muhula mmoja wa majaribio, fundi," alisema. "Mkaguzi akija akakuta wanafunzi hawajui kitu, somo linafutwa na chumba kinarudi kuwa stoo."

"Mkuu, seremala gani huyu wa vidole viwili?"

"Sijaja kuhesabu vidole."

Kabla Fundi hajajibu, mkewe akadakia kutoka jikoni, "Atakuja Jumatatu!"

"Haya," Fundi akaguna. "Nitakuja kuwasaidia kidogo tu."

Jumatatu akakuta chumba kinanukia rangi mpya, na wanafunzi kumi na wanane wamezunguka meza nzito za mbao. Akashika randa ya kulainishia mbao kwa mkono wa kushoto. "Angalieni. Mnafanya hivi." Randa ikaruka, ikachimba ubao kama jembe.

"Hivi vipi, mwalimu?" akauliza msichana wa mbele. Wenzake walimwita Swali, maana hata akisalimiwa aliuliza kwa nini. Hakuwa na kejeli, alitaka kujua. Fundi akafungua kinywa, maneno hakuna. Miaka yote hiyo mikono ndiyo iliyosema, na yeye hakuwahi kusikiliza ilichosema.

Akarudi nyumbani uso umesawijika. "Sirudi tena kule."

Mkewe hakubishana. Alikunja mikono ya gauni, akafungua karakana, akapangusa vumbi kwenye randa ya zamani, kisha akabana ubao juu ya benchi. "Nielekeze."

"Wewe?"

"Kwani mimi sina mikono? Leo mikono yangu, mdomo wako."

Akasukuma, ikakwama. "Si hivyo!" Fundi akafoka.

"Si hivyo vipi, baba watoto? Sema!"

"Unasukuma kwa mabega kama unayefukuza mbuzi mlangoni! Weka mguu mmoja mbele, sukuma kwa kiuno. Mwanzo wa ubao kandamiza mbele ya randa, mwishoni kandamiza nyuma. Sasa sikiliza. Ikikwaruza, unakwenda kinyume cha nyuzi za mbao; geuza ubao. Ikinong'ona, endelea."

Randa ikanong'ona. Utepe mwembamba wa mbao ukajikunja na kudondoka mguuni pa mkewe. Wakautazama wote wawili kama wanaotazama mtoto mchanga.

"Kumbe unajua kusema!" mkewe akasema. "Miaka yote hii umeninyima maneno, ukampa nani?"

Fundi akacheka hadi machozi, mara ya kwanza tangu ajali.

Kesho yake aliuweka ule mkono mezani, peupe. "Vidole hivi viwili vitawaonyesha pa kutazama. Kazi ni ya mikono yenu." Tangu hapo kila Swali alipouliza "hivi vipi?", Fundi alitafuta neno mpaka alipate, na neno likipatikana darasa zima lilishiba.

Mwisho wa muhula mkaguzi akaja, mtu mnene kwelikweli. Akakalia stuli ya Swali, isiyo na msumari hata mmoja. Akajitikisa kulia, akajitikisa kushoto. Stuli kimya.

"Amekutengenezea fundi wako, siyo?"

"Hapana, mzee. Mikono ni yangu, maneno ni yake. Nikueleze ulimi wa mguu unavyoingia kwenye tundu la kiti?" Akaeleza, akaeleza tena, mpaka mkaguzi akainua mikono juu.

"Inatosha, binti! Somo libaki. Na umeme na upishi viongezwe."

Chumba kikalipuka kwa vifijo. Wanafunzi wakamzonga Fundi, huyu "asante mwalimu", yule "asante mwalimu".

"Mimi ndiye wa kushukuru," akasema. "Mlinikuta nimejizika, mkanifukua."

Mkuu wa shule akamvuta pembeni. "Muhula ujao je, fundi? Utakuja kutusaidia tena?"

Fundi Randa akapiga moyo konde. "Kusaidia sitaki, Mkuu. Nataka kufundisha. Nilitaka tangu ulipobisha hodi pale kwangu, nikaona haya kusema."

Naam, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.