Nta ya Kaisari Drusiano

Sogeeni karibu, na anayesinzia akanawe uso kwanza.

Zamani huko Roma alikuwapo kaisari aliyeitwa Drusiano, naye alikuwa na watumwa watatu. Filara, mwonjaji wa chakula, ulimi wake uliitambua sumu hata ikifichwa ndani ya asali. Nisia, mwasha taa, alisikia mnong'ono nyuma ya ukuta. Toranio, mbeba machela, aliweza kubeba wanaume wawili asihemewe. Kila sikukuu ya Desemba, siku ambayo mabwana wa Roma huwahudumia watumwa wao, Drusiano aliwamiminia divai na kuwaahidi uhuru. Kesho yake akasahau. Miaka kumi na mmoja, jamani!

Drusiano alitawala kwa mkono wa chuma. Watu walimchoka, na mwishowe hata walinzi wake wakamgeuka.

Asubuhi walinzi waliyopanga kumuua, Filara alionja uji wa ngano wa bwana wake, akautema na kumkataza kuunywa. Lakini funda dogo lilikuwa limeshapita kooni mwa Filara.

Nisia naye aliwasikia walinzi wakisema kwamba sumu ikishindwa, watammaliza kwa upanga. Sauti moja aliijua vizuri, ilikuwa ya mumewe. Alisimama kidogo akilia, kisha akaenda kumwonyesha kaisari mlango uliosahauliwa.

Mlango ule ulishukia kwenye mtaro wa maji machafu. Miguu ya Drusiano ikagoma kwa hofu. Toranio akamtupa begani na kumvusha, maji yakimfika shingoni, Filara na Nisia wakiwafuata, mpaka kwenye kibanda cha mfinyanzi nje ya mji.

Hapo ndipo walipoliona vumbi la farasi wa walinzi barabarani. Drusiano alijua yeye hana lake tena. Lakini sheria ilikuwa hivi: mtumwa aliyemtorosha kaisari aliyepinduliwa huuawa, mtu huru huachwa aende zake. Hati ya uhuru hubeba jina moja tu, na haina nguvu bila nta iliyogongwa pete ya bwana. Pete alikuwa nayo. Nta iliyobaki mfukoni ilitosha muhuri mmoja.

Akaiyeyusha kwenye makaa ya tanuri, akawaambia ukweli.

Filara alikuwa amejikunja, ameshika tumbo. "Labda nitapona, labda sitapona," alisema. "Kama ni kufa, bwana, nife nikiwa mtu huru."

Nisia alisema, "Nimemsaliti mume wangu kwa ajili yako. Wakinikuta mtumwa, upanga watampa yeye anichinje."

Wenzake wakamgeukia Toranio. "Ndugu yangu ulimtupa kwa simba," alisema polepole. "Nami nimekubeba."

Drusiano akalia kwa uchungu. Miaka yote hiyo alikuwa na nta ya kujaza ndoo, akaitumia kugonga mihuri kwenye hukumu za kifo. Akaandika, "Namwacha huru mtumwa wangu," kalamu ikasimama. Nta ilikuwa imeanza kuganda pembeni, na farasi walishafika uani. Watatu wale walimtazama, wala hakuna aliyemtazama mwenzake.

Haya, nyamazeni kidogo, msijibu wote kwa pamoja. Wewe hapo, na wewe uliyekuwa ukicheka: jina lipi lingefuata, Filara, Nisia au Toranio? Ukishachagua, nieleze wale wawili ungewaambia nini.