Wasindikizaji wa Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipodamka kwenda kazini kama baba zenu, Pimbi alikuwa mpika chai kwenye kiwanda cha unga cha Mzee Tembo. Mdogo wa mwili, lakini kichwa chake kilichemka kuliko birika.

Makuli wa magunia walikuwa Nyati na Kifaru. Kutwa nzima, puu! puu! Jioni Nyati alishindwa hata kuinama kuchukua kikombe chake chini. Pimbi alimpenda kama kaka wa tumbo moja, na ilimuuma.

Tembo akamleta Korongo, fundi wa kunyoosha viungo, kila asubuhi uani. Hakwenda mtu. Akaahidi miwa kwa atakayekwenda. Hakwenda mtu.

"Mbona huendi, kaka?" Pimbi akauliza.

"Mzee anione mgonjwa? Kesho gunia langu atapewa mwingine. Watoto wangu wale nini?"

Pimbi akakoroga chai. Kisha akamsogelea.

"Basi nisaidie jambo. Kifaru magoti yanamsumbua. Anaona haya kwenda peke yake."

Kwao, kumwacha mgonjwa aende kwa tabibu bila msindikizaji ilikuwa aibu ya ukoo mzima.

"Maskini," Nyati akasema. "Nitamsindikiza. Ila mimi nitakaa pembeni."

Pimbi huyoo, tipu tipu tipu, hadi kwa Kifaru. "Kaka Kifaru, Nyati mgongo umemzidi. Anaona haya kwenda peke yake."

Asubuhi wakafika wote, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Korongo akasema, "Inameni." Nyati akainama ili Kifaru asione haya. Kifaru akainama ili Nyati asione haya. Mgongo wa Nyati ukalia ka! na machozi ya nafuu yakamtoka. Tembo, aliyekuwa mlangoni, hakumfukuza mtu. Alifurahi.

Wakaendelea hivyo, hata siku moja Nyati akasema, "Magoti yako yakipona uniambie, niache kukusindikiza."

"Magoti yangu? Mimi nimefuata mgongo wako."

Wakamgeukia Pimbi, aliyejibanza nyuma ya birika.

"Umetudanganya," Nyati akasema.

"Nimewadanganya," akajibu. "Niliogopa utaanguka, kaka, nami sina nguvu za kukuinua."

Nyati aliinama taratibu, hadi chini, akaokota kikombe chake mwenyewe na kumpa Pimbi.

"Leo kunywa wewe kwanza. Kesho tunakwenda watatu."

Basi wanangu, asiyevutwa na miwa huvutwa na mwenzake anayemjali.