Mama Nyati Ndani ya Ngoma

— Paukwa!
— Pakawa!
— Chungu kipo?
— Kipo!
— Ngoma ipo?
— Ipo!

Haya, mmejibu haraka mno. Kaeni kwanza.

Hapo zamani, kule bondeni ambako mto ukikauka unabaki vidimbwi tu, wanyama walikuwa na kawaida yao. Mavuno yakiisha, majani yakishakuwa ya njano, wote wanashuka. Walikuwa wanaita Siku za Bonde. Tumbili wanachora majabali kwa udongo mwekundu. Ndege wanashindana kusuka. Wazee wanasimulia ukoo upi ulitokea wapi, na hapo ubishi hauishi, huyu anasema sisi tulivuka mto, yule anasema nyie mlisombwa na mafuriko, msijipambe.

Siku ya mwisho ndiyo yenyewe. Watoto waliozaliwa mwaka ule wanapigiwa ngoma. Kila ukoo una mdundo wake. Mtoto anaingia katikati, ngoma inalia mdundo wa kwao, yeye anaruka. Basi, kuanzia hapo ni wa bondeni. Asiyepigiwa yupo yupo tu, kama mgeni aliyesahau kuondoka.

Sharti lilikuwa moja. Mtoto hapigiwi ngoma juu ya chungu kitupu. Chungu kijae, ngoma ilie, halafu wote wale pamoja.

Na ngoma ilikuwa moja tu. Ngozi yake ilikuwa ya marehemu Mama Nyati, ambaye maisha yake yote hakukosa Siku za Bonde hata mara moja. Alipoona anakufa aliwaambia wasimzike na ngozi yake, waiwambe, maana anataka kuendelea kuja kila kiangazi. Wakaiwamba. Tangu hapo ngoma ikilia nduuu, nduuu, hata watoto wanajua: Mama Nyati huyo, amefika. Ngozi ya kuokota au ya kuwinda haikubaliki. Lazima mwenyewe aitoe kwa kinywa chake.

Sasa, mwaka huo Pimbi alikuwa na binti, anaitwa Kidawa. Pimbi mnamjua, yule wa kwenye mawe, mnene mnene, mkia hana, maneno anayo. Mama na binti walikuwa wanafanya mazoezi juu ya jabali. Mama anapiga kwa mdomo, ti-ti-du, ti-ti-du, binti anaruka. Anaanguka. Anaruka tena.

Kidawa akamuuliza kama ngoma yenyewe inalia hivyo hivyo. Pimbi akacheka.

"Ya mdomo hii ni upepo tu, mwanangu. Ile inakuingia miguuni, inapanda mpaka kifuani. Utajua tu."

Basi Kidawa akawa anaisubiri hiyo ya kifuani.

Siku ikafika. Na Fisi akafika.

Bondeni hafukuzwi mtu, hiyo nayo ni kawaida. Fisi akapita kwa Tumbili, akakuta ungo wa matunda. Gwa, gwa, gwa. Ungo mweupe. Akaulizwa, vipi mjomba? Akajibu, "Naonja tu."

Akapita kwa Ndege, akakuta kibuyu cha asali. Gwa, gwa, gwa. Kibuyu kikavu. Vipi mjomba? "Naonja tu."

Akapita kwa wazee wanaobishana, akakuta mihogo ya kuchoma. Gwa, gwa, gwa. Wazee wakanyamaza, ubishi wenyewe ukaisha. Vipi mjomba? "Naonja tu, wazee wangu, endeleeni."

Halafu akaja akakaa mbele ya chungu cha watoto. Akakunja miguu. Mate yanadondoka, to, to, to. Tembo na Kifaru walikuwa bado wako njiani, na hao wengine waliobaki, nani atamwambia Fisi sogea? Kila mmoja anamtazama mwenzake. Kidawa akamtazama mama yake.

Pimbi akaangaza huku na huku. Akaiona ngoma. Bibi Nungunungu, ndiye mpigaji, alikuwa ameilaza ubavu karibu na moto ili ngozi ikaze. Upande mmoja ngozi, upande wa pili wazi, tundu kama pango. Akili ikamjia Pimbi hapo hapo, moja kwa moja, kama mwizi anayeijua nyumba.

Akamsogelea Fisi, akamwambia taratibu, "Mjomba, unasubiri uji wa watoto na nyama ipo?"

"Nyama ipi?"

"Si huyo Mama Nyati! Wote tunasema yumo, hujasikia? Yumo ndani ya ngoma, mzima, mafuta tupu. Unafikiri ile sauti inatoka wapi?"

Fisi akasogea. Akanusa. Kweli, harufu ya nyati ipo. Akaipiga ngoma kidogo kwa mkono. Nduuu.

"Kumbe," akasema.

"Usimmalize lakini."

"Nitaonja tu."

Akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. Lile tumbo lenye matunda na asali na mihogo likagoma, akalisukuma, fyuu, likaingia. Miguu tu ikabaki nje. Pimbi akapiga mluzi, wote wakaja mbio, wakaisimamisha ngoma na Fisi yumo, kichwa juu chini ya ngozi, makalio chini mchangani. Bibi Nungunungu akapanda kwenye jiwe, akaanza kupiga. Nduuu! Nduuu! Kila pigo linamshukia Fisi kichwani.

Watu walicheka, acha kabisa. Tumbili walilala chini. Kidawa alicheka mpaka akapata kwikwi.

Fisi akalia humo ndani, sauti imekuwa ndogo. Akasema jamani inatosha, nitoeni, naondoka, chungu chenu sikigusi wala bonde lenu silikanyagi tena.

Bibi Nungunungu akashusha mikono. Akasema, "Ameshasema, Pimbi. Tumlaze tumtoe."

Hapo sasa. Hapo ndipo Pimbi angesema haya. Neno lenyewe fupi, lingemgharimu nini? Lakini wote walikuwa wanamtazama yeye. Yeye mdogo, asiye na mkia, anayeachiwa njia ya pembeni kila siku. Na binti yake anacheka. Akasikia utamu.

"Bado, bibi," akasema. "Waache watoto wacheke kidogo. Piga tena."

Bibi Nungunungu akasita. Halafu akapiga tena.

Mnyama akiona hatolewi hata akiomba, anajitoa. Fisi akafungua mdomo akauma kilichokuwa mbele ya mdomo. Pwaaa! Ngozi ikapasuka katikati. Kikatoka kichwa, yakatoka mabega, gogo la ngoma likapasuka kraa, vipande viwili. Fisi akakimbia kilimani, na ngozi ya Mama Nyati ikining'inia shingoni kama kanga ya mwenye wazimu.

Halafu mmoja akapiga kelele kwamba Fisi amekimbia. Na chungu kimejaa, tazameni, hakikuguswa. Wakambeba Pimbi juu juu, wakamwita jembe, wakamwita kichwa. Alipokuwa huko juu aliviona vile vipande viwili vya gogo kando ya moto. Bibi Nungunungu alikuwa amevipigia magoti, anavikutanisha, vinaachana. Anavikutanisha, vinaachana.

Lakini chungu kilikuwa kimejaa, na watoto walikuwa wamesimama wanangoja. Basi Bibi Nungunungu akapiga kwenye jiwe, kwa viganja. Pa-pa-pa. Kidawa akaingia katikati, amepakwa udongo mwekundu usoni. Akaruka vizuri sana, hakuanguka. Alipomaliza akabaki amesimama, mkono kifuani, kama anayesubiri kitu.

"Mama, nimeshapigiwa?"

"Umeshapigiwa, mwanangu."

"Mbona sijasikia?"

Wakampakulia Pimbi wa kwanza, bakuli la heshima, wakamwambia ale, yeye ndiye aliyekiokoa chungu. Akachota kidogo, akarudisha.

"Naonja tu," akasema.

Kiangazi kilichofuata walikuja wachache. Kilichofuata tena, wachache zaidi. Na mpaka leo, ukipita kwenye majabali jua linapozama, utamsikia Pimbi anapiga kelele, ti-ti-du, ti-ti-du, mpaka sauti inakwaruza. Watu wanasema anamfukuza Fisi. Si kweli. Anampigia binti yake kwa mdomo, labda leo itamfika kifuani.

Basi, funzo la hadithi ni hili: mwenye akili hapotezi kitu. Mkiulizwa shuleni andikeni hivyo hivyo, mtapewa vema.

Nimetoka huko na miguu yangu, vumbi nimewaletea nyie.

— Chungu kipo?
— Kipo!
— Ngoma ipo?

Haya. Nendeni mkale.